Mashine Bila Mafuta Si Hewa Bila Sumu

(Maneno yaliyosemwa ukumbini mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa, katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya jambo linalohusu kazi yangu na ambalo linaweza kuwafaa watu wa sehemu zetu hizi. Mimi, kama wengi mnavyojua, ni mtumishi wa serikali. Tangu nilipotoka Chuo Kikuu kazi yangu imekuwa kukagua mitambo: maboila, winchi, matangi ya hewa na kompresa. Si kazi ya kupigiwa makofi. Mkaguzi akiingia mlango wa mbele, msimamizi hukumbuka kwamba ana safari ya dharura. Leo lakini hakuna mwenye safari, na Katibu ameniambia kwamba chakula hakitapakuliwa kabla sijamaliza. Kwa hiyo nitasema.

Nitazungumza juu ya hewa inayotoka kwenye kompresa, na hasa kompresa zile zinazoitwa za bila mafuta. Mtaniuliza, je, katika mambo yote ya nchi hii, hili ndilo alilotuletea? Ndiyo, ndilo. Katika ukumbi huu wamo wenye maduara ya dhahabu Kahama, Geita, Mbogwe na Bukombe. Wamo madaktari. Wamo wanaokaa kwenye kamati za zabuni. Na wamo vijana ambao shule ikifungwa watakwenda machimboni kutafuta nauli na madaftari. Wote hao, kwa namna moja au nyingine, wataagiza hewa hiyo, wataiuza au wataivuta.

Upepo na hewa

Mafundi wetu hawasemi hewa, wanasema upepo. Gurudumu hujazwa upepo, rangi ya gari hupigwa kwa upepo, mashine ya kutoboa mwamba huendeshwa kwa upepo. Neno hili ni zuri, na linatukumbusha jambo muhimu, kwamba fundi anaitazama hewa ile kama nguvu. Anataka isukume. Hajali imebeba nini ndani yake, maana gurudumu halina mapafu.

Shida huanza pale upepo wa fundi unapogeuka kuwa hewa ya mtu. Jambo hili halikuanzia Geita. Mwaka 1861, milimani kati ya Ufaransa na Italia, mhandisi Germain Sommeiller alianza kutumia mashine za upepo kutoboa handaki la reli la Mont Cenis, lililofunguliwa mwaka 1871. Watu wakaona faida mbili kwa mpigo. Upepo uliendesha mashine, na ulipokwisha kufanya kazi ukatoka humo humo ndani ya handaki, wafanyakazi wakauvuta. Tangu hapo mchimbaji amezoea kufikiri kwamba bomba la upepo ni bomba la uhai. Mara nyingi ni kweli. Lakini uhai huo unategemea kitu kimoja, yaani kilichoingia kwenye mdomo wa mashine kule juu.

Tufanye hesabu kidogo, wanafunzi mnisaidie. Kompresa ikionyesha kwenye saa yake shinikizo la baa 7, maana yake ndani ya tangi mna shinikizo la baa 8 ukijumlisha na lile la anga. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ndani ya tangi ilikuwa mita 8 za ujazo huko nje. Kwa kweli, huku kwetu kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi na hesabu hiyo hukaribia mita 9. Tuchukue 8 kwa urahisi. Hewa imeshindiliwa mara 8, na kila kilichokuwa ndani yake kimeshindiliwa pamoja nayo. Vumbi lililokuwa katika mita 8 sasa limo katika mita moja. Moshi uliokuwa katika mita 8 sasa umo katika mita moja.

Hali kadhalika maji. Siku ya masika, joto likiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, mita moja ya hewa ya Shinyanga hubeba gramu 22 hivi za maji kama mvuke. Mita 8 zina gramu 170 na zaidi. Ukizishindilia ziwe mita moja kisha zikapoa, mita hiyo moja haiwezi kubeba zaidi ya gramu 27. Zinazobaki, gramu 140 na zaidi, huanguka chini ya tangi kama maji. Hicho ni kikombe cha chai kwa kila mita moja ya ujazo. Ndiyo maana tangi lisilofunguliwa bomba lake la chini kila siku huoza kwa kutu kutoka ndani, na siku moja hupasuka. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, lakini si mada ya leo.

Kiwango kinasema nini

Kwa sababu ya uchafu huo mataifa yalikubaliana namna ya kuupima na kuupanga. Kiwango chenyewe cha kimataifa huitwa ISO 8573. Sehemu yake ya kwanza, inayopanga madaraja ya usafi, ilitolewa mwaka 1991, ikarekebishwa mwaka 2001 na tena mwaka 2010. Hutazama mambo matatu: vumbi, maji na mafuta. Kila jambo hupewa daraja lake kwa tarakimu. Ukiona hewa imeandikwa 1.4.1, maana yake vumbi ni daraja la 1, maji ni daraja la 4 na mafuta ni daraja la 1. Tarakimu ikiwa ndogo, hewa ni safi zaidi.

Nitawatajia vipimo vichache mpate picha. Vumbi daraja la 1: chembe zenye ukubwa kati ya mikromita 1 na 5 zisizidi 10 katika mita moja ya ujazo. Maji daraja la 4: hewa ikiwa kwenye shinikizo lake inaweza kupozwa mpaka nyuzi 3 bila kutoa umande. Daraja la 1 la maji ni kali mno, mpaka nyuzi 70 chini ya sifuri. Mafuta daraja la 1: yasizidi miligramu 0.01 katika mita moja ya ujazo, yakihesabiwa yaliyo matone na yaliyo mvuke kwa pamoja. Daraja la 2 ni miligramu 0.1, la 3 ni miligramu 1, na la 4 ni miligramu 5.

Liko pia daraja la 0. Hili ndilo linalopendwa sana na wauzaji, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Mtu akisoma sifuri hufikiri hakuna uchafu kabisa. Sivyo. Kiwango hakikuweka kipimo cha daraja hilo. Kimesema tu kwamba mnunuzi na mwuzaji wakubaliane kipimo chao, nacho kiwe kikali kuliko daraja la 1. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa daraja la 0 bila kutaja kipimo kilichokubaliwa haijasema kitu. Tena cheti hicho kwa kawaida hutolewa kwa aina ya mashine iliyopimwa kiwandani kwa mtengenezaji. Hakikutolewa kwa mashine yako, iliyofungwa kwako, inayovuta hewa ya kwako.

Sasa tufike kwenye maneno yenyewe, bila mafuta. Katika kompresa ya kawaida mafuta hulainisha na kupoza palepale hewa inaposhindiliwa, na baadhi yake hutoka pamoja na hewa. Katika kompresa ya bila mafuta watengenezaji wamepata njia nyingine. Ndogo huwa na pistoni zenye ringi za Tefloni zisizohitaji kulainishwa. Kubwa huwa na skrubu mbili zinazozunguka bila kugusana, zikiongozwa na gia ambazo mafuta yake yamefungiwa chumba chao. Ni mashine nzuri, na nawasifu waliozibuni. Zinafaa viwanda vya dawa, vya vyakula na maabara.

Lakini angalieni jina linaahidi nini. Linaahidi kwamba mashine haitaongeza mafuta yake kwenye hewa. Halikuahidi kuondoa mafuta yaliyokuwamo tayari. Ukiiweka kompresa hiyo karibu na gereji, itavuta mvuke wa mafuta ya gereji na kuushindilia mara 8, na hewa itakayotoka huenda isifike hata daraja la 1.

Na liko jambo zito kuliko hilo. Nimewaambia kwamba madaraja yale yanahusu mambo matatu, vumbi, maji na mafuta. Gesi za sumu hazimo katika tarakimu zile tatu. Ziko njia zilizowekwa za kuzipima, katika sehemu nyingine ya kiwango hicho hicho, lakini hazipewi daraja. Hewa inaweza kupata 1.1.1, yaani safi kupita kiasi, na bado ikamwua mtu. Hili ndilo neno moja ninalotaka mwondoke nalo hapa leo.

Gesi isiyo na harufu

Gesi ninayoiogopa ni kaboni monoksaidi. Hutoka kwenye kila moto usiopata hewa ya kutosha: jiko la mkaa, injini, baruti iliyolipuliwa. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana. Mtu huumwa kichwa, hulegea miguu, akili huchoka, na mara nyingi hana hata wazo la kuomba kutolewa. Wenzake huona amekaa kama anayepumzika.

Elimu hii tumeipata kwa gharama ya maisha ya watu. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, John Scott Haldane, alitoa taarifa juu ya vifo katika milipuko ya migodi ya makaa ya mawe. Alionyesha kwamba wengi wa waliokufa hawakuuawa na mlipuko wenyewe. Waliuawa na gesi hii iliyofuata baada ya mlipuko. Yeye ndiye aliyeshauri wachimbaji washuke na wanyama wadogo kama panya na ndege aina ya kanari, ambao hulegea kabla ya binadamu. Migodi ya Uingereza iliendelea kutumia ndege hao mpaka mwaka 1986, ndipo vyombo vya kupimia vikachukua nafasi yao.

Hesabu ya pili sasa. Moshi wa ekzosi ya injini ndogo ya petroli unaweza kuwa na asilimia kadhaa za gesi hii. Tuseme asilimia 3, yaani sehemu 30,000 katika milioni. Tuseme kompresa inavuta hewa nzuri, ila katika kila sehemu 100 za hewa hiyo sehemu moja tu ni moshi wa jenereta. Hata pua haitashtuka. Hewa itakayotoka itakuwa na sehemu 300 katika milioni. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, toleo la 2014, huruhusu sehemu 5 tu. Tumeshapita mara 60.

Nitawasimulia niliyoyakuta mahali pamoja katika ukanda huu wa dhahabu. Sitapataja, na msije mkaniuliza wakati wa chakula. Mwenye duara alikuwa mtu mwenye kujali. Alikuwa ameambiwa kwamba hewa ya kompresa ya kawaida ina mafuta na inaharibu mapafu ya vijana wake, naye akaenda mjini akanunua kompresa ya umeme, ya bila mafuta, pamoja na cheti chake. Akaifunga chini ya banda la mabati, akashusha mpira mpaka chini duarani. Umeme wa gridi ulikuwa haujafika pale, kwa hiyo akaweka jenereta ya petroli ndani ya banda hilo hilo ili isiibwe wala isinyeshewe. Toka mdomo wa kompresa mpaka ekzosi ya jenereta zilikuwa hatua mbili.

Wakati wa kiangazi upepo ulipita kati ya mabati, na hakuna aliyelalamika isipokuwa kuumwa kichwa jioni. Mvua zilipoanza wakazungushia banda turubai. Siku ya tatu vijana wawili walivutwa juu kwa kamba. Mmoja alizinduka kituo cha afya. Wa pili alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, naye hakuzinduka.

Nilipofika, cheti kilikuwa kimetundikwa ukutani ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikisoma chote, na hakikuwa cha uongo. Kisha nikawaomba wawashe mitambo kama kawaida, nikasogeza kipimo kwenye mdomo wa mpira. Kilianza kulia kabla sijakifikisha. Mwenye duara aliniuliza swali moja tu: “Lakini mzee, si walisema haina mafuta?” Nikamjibu kwamba walimwambia kweli.

Ndugu zangu, mtu yule hakuwa mwizi wala mzembe wa kutupwa. Alitumia fedha nyingi kununua kitu kizuri. Ila alinunua jibu la swali ambalo halikuwa swali lake. Yeye alihitaji hewa ya kupumua, akauziwa mashine isiyotoa mafuta.

Hewa ya kupumua ina vipimo vyake

Hewa anayopelekewa mtu kwa bomba au kwa barakoa ina sheria zake mbali. Kile kiwango cha Ulaya nilichokitaja kinataka oksijeni iwe asilimia 21, isipungue wala kuzidi kwa zaidi ya 1. Kaboni dioksaidi isizidi sehemu 500 katika milioni, kaboni monoksaidi isizidi sehemu 5, mafuta yasizidi miligramu 0.5 katika mita ya ujazo, na hewa isiwe na harufu mbaya. Wamarekani wana daraja lao liitwalo D, linaloruhusu kaboni monoksaidi mpaka sehemu 10 na mafuta mpaka miligramu 5. Tazameni ajabu yake: katika mafuta, viwango hivi vya mapafu ya binadamu ni vilegevu kuliko daraja la 1 la viwandani. Kwenye gesi ndipo vinapokaza. Waliovitunga walijua kinachoua haraka.

Je, chujio haliwezi kuiondoa gesi hiyo? Chujio la vumbi haliwezi. Chujio la mkaa maalumu, linalonasa mvuke wa mafuta na harufu, nalo haliwezi. Iko dawa iitwayo hopkaliti, mchanganyiko wa oksaidi za manganizi na shaba uliobuniwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambayo huigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi. Lakini ikipata unyevu huacha kufanya kazi, kwa hiyo lazima hewa ikaushwe kwanza, na dawa yenyewe ibadilishwe kwa wakati. Hiyo ni kinga ya pili. Kinga ya kwanza ni kutovuta moshi.

Kwa haki niseme pia kwamba kompresa ya kawaida si mbadala wa salama. Ikipata joto kupita kiasi, mafuta yake huungua na kutoa gesi ile ile kutoka ndani yake yenyewe. Tena mashine ya kutoboa mwamba hutiwa mafuta kwa makusudi kwenye mpira wake wa upepo ili isiungue. Upepo huo si hewa ya kumpelekea mtu usoni.

Madaktari nanyi msijitenge. Tangu janga la UVIKO-19, hospitali zetu za rufaa katika mikoa mbalimbali zimefungiwa mitambo ya kutengeneza oksijeni. Mitambo hiyo huanza kwa kompresa. Hewa iliyoshindiliwa hupitishwa kwenye vidonge vya zeolaiti, naitrojeni inanaswa, na oksijeni ya asilimia 93 hivi inatoka. Mafuta na maji yakipita hapo, vidonge huharibika na oksijeni hupungua. Na pakiwa na jenereta ya hospitali nyuma ya ukuta, umeme unapokatika jenereta huwaka, na moshi wake huenda ukaelekea kwenye mdomo wa kompresa saa ile ile mgonjwa anapoihitaji hewa. Kwa hiyo mnapoandika zabuni, msiandike kompresa ya bila mafuta mkanyamaza. Andikeni hewa mnayoitaka iwe na nini na isiwe na nini, ipimwe wapi, na nani atakayeipima baada ya kufungwa.

Watu waliotoka wazima

Msije mkadhani nimekuja kuwatisha tu. Sehemu zetu hizi zimeonyesha dunia kwamba mtu akiwa na hewa, matumaini yapo. Tarehe 5 Oktoba 1915 ingekuwa hadithi ya kale, lakini hii ilikuwa tarehe 5 Oktoba 2015: duara liliporomoka katika machimbo ya Nyangarata, Kahama. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watu watano walikutwa hai chini ya ardhi. Mwezi Januari 2017 katika mgodi wa RZ Union, Geita, wachimbaji 15 walifukiwa, mmoja wao akiwa raia wa China, nao walitolewa wote wazima baada ya siku tatu hivi. Mtu aweza kukaa na njaa kwa siku nyingi. Bila hewa inayofaa hamalizi hata nusu saa. Kama hewa iliyobaki chini ya mwamba ule ingekuwa na sumu ya injini, waokoaji wangechimba kwa bidii ile ile na wangekuta maiti.

Mambo ya kufanya

Sasa nasema na kaka zangu wenye maduara. Najua mtakayoniambia, maana nimeyasikia mara nyingi: serikali inaleta gharama, mchimbaji mdogo hana mtaji, watu wamechimba hivi tangu zamani. Basi nitataja mambo matano, na mtaona kwamba mengi hayahitaji mtaji bali kuhamisha vitu.

La kwanza, mdomo wa kompresa uwe mbali na ekzosi yoyote, juu, upande unakotoka upepo, na mbali na mdomo wa duara, kwa sababu moshi wa baruti hupanda pale. Kipande cha bomba kinatosha kuusogeza.

La pili, injini isishushwe duarani kamwe. Hata pampu ya maji ya petroli, hata kwa dakika tano. Injini ikae juu, kishuke kinachoendeshwa nayo.

La tatu, kazi ya kuingiza hewa duarani ipewe feni yenye mfereji wake wa turubai, wala isiachiwe mpira wa kompresa. Kompresa ndogo hutoa hewa chache kwa nguvu nyingi. Kinachotakiwa chini ni hewa nyingi kwa nguvu ndogo, ili ifukuze moshi na vumbi.

La nne, nunueni kipimo cha kaboni monoksaidi. Ni kidogo, kinatosha mfukoni, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompresa. Kishushwe kabla ya mtu wa kwanza kushuka, na mtu atakayeshuka ashuke nacho.

La tano, mtu akizimia, toeni taarifa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inataka hivyo, lakini mimi siwaambii kwa sababu ya sheria peke yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Duara linaloficha waliozimia wiki hii litafukia wiki ijayo, na jirani yake naye hatajifunza kitu.

Ninyi vijana, siwezi kuwaambia msiende machimboni. Wengine wenu mnalipa michango ya shule kwa fedha ya huko, na kusema uongo hapa mbele ya walimu wenu si vizuri. Nawaambia hivi. Ukifika, kabla hujashika kamba, tembea uzunguke banda la mitambo. Tafuta mdomo wa kompresa uko wapi. Tafuta ekzosi iko wapi. Ukiviona vimekaribiana, usishuke, hata kama wenzako wanakucheka na hata kama cheti kimetundikwa ukutani. Na ukiwa chini, kichwa kikianza kuuma na miguu kulegea, usingoje kumaliza mfuko. Panda juu, na umpandishe mwenzako. Mwenzako akianguka, usimrukie bila hewa. Wengi wamekufa wakimfuata ndugu yao.

Na masomoni, msidharau kanuni zile za gesi mnazokariri kwa ajili ya mtihani. Hesabu niliyoifanya hapa ya mita 8 kuwa moja mnaifanya darasani. Tofauti ni kwamba kwenye mtihani ukikosea unapoteza alama mbili.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kabla sijakaa. Chama chetu kila mwaka hutoa zawadi kwa shule. Mwaka huu napendekeza tununue vipimo viwili vya kaboni monoksaidi, vikae katika maabara ya fizikia. Wanafunzi wajifunze kuvitumia, na kijana anayekwenda machimboni wakati wa likizo aandikishwe na akopeshwe. Mimi nitatoa cha kwanza. Nangoja kati ya kaka zangu wenye maduara atokee wa kutoa cha pili.